Ribiti za Pikipiki Kongwe: Chuma Kinachokaa Nyuma ya Kichwa

Mgeni anayeingia bandani mwangu huelekeza macho kwenye injini kwanza, na simlaumu, kwa sababu silinda mbili za Harley-Davidson Hydra-Glide ya mwaka 1950, zilizotengana kwa pembe ya nyuzi 45 chini ya vifuniko vinavyofanana na vikaango, zina mvuto usiohitaji maelezo. Mimi, hata hivyo, hupenda kumwonyesha kwanza sanduku dogo la mbao lililo chini ya meza ya kazi, ambamo nimehifadhi panchi, fuawe ndogo ndogo na vyuma vya kuegemeza ambavyo imenichukua karibu miaka miwili kuvikusanya na kuvitengeneza. Hivyo ndivyo vifaa vyangu vya kupigia ribiti, yaani vile vipini vifupi vya metali vinavyofunga vipande viwili pamoja kwa kukunjwa mkia, na bila hivyo pikipiki hii isingekuwa na breki ya kuaminika, wala klachi, wala madigadi zinazokaa mahali pake.

Ninaishi Davenport, katika jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Mji huu una bahati moja kubwa kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu: kila mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, karibu na sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, tawi la Chief Blackhawk la klabu ya pikipiki kongwe, Antique Motorcycle Club of America, huandaa mkutano na soko la vipuri katika viwanja vya maonyesho vya mji. Klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1954, huihesabu pikipiki kuwa kongwe inapofikisha umri wa miaka 35. Katika soko hilo nilinunua fremu na injini, na katika soko hilo hilo, mwaka uliofuata, nilipata mashine nzito ya chuma cha kusubu yenye pedali ya mguu, ambayo zamani ilitumika katika karakana fulani kufungia lainingi za breki za magari. Nilipoikanyaga pedali yake kwa mara ya kwanza na kusikia mlio wake, nilikumbuka Gerezani, Dar es Salaam, ambako nikiwa mtoto nilikuwa nikisimama kwa saa nzima kuwatazama mafundi bati wakifunga bawaba za masanduku ya shule. Fundi mmoja alikuwa na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe, na juu ya reli hiyo alikuwa amechimba vishimo vitatu vya ukubwa tofauti. Sikujua wakati ule vishimo vile vilikuwa vya nini. Sasa ninajua, na karibu kila ninachotaka kukieleza hapa kimo ndani yake.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya ribiti ni kazi ya nyundo. Hugonga mkia wa ribiti hadi utapakae, wakauona umefunga, wakaridhika. Lakini ribiti ina kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili, na nguvu yote inayotolewa kwenye mkia lazima ipokewe na kitu kilicho nyuma ya kichwa. Kama kitu hicho hakipo, au kipo lakini hakikukaa sawasawa, nguvu hiyo hupokewa na lainingi, au bati, au pleti, na hapo kazi imeharibika ingawa kwa macho inapendeza. Ni heri mtu awe na nyundo ya kuazima na fuawe sahihi kuliko kuwa na mashine ya thamani inayoegemea hewa.

Breki za Hydra-Glide ya mwaka 1950 ni za dramu mbele na nyuma, nazo huendeshwa kwa waya mbele na kwa fito nyuma, kwani breki ya nyuma ya mafuta haikuja katika pikipiki kubwa za kiwanda hiki hadi mwaka 1958. Ndani ya kila dramu mna shuu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, na mgongoni mwa kila shuu hukaa lainingi, yaani ule utando mgumu unaosuguana na ukuta wa dramu. Kabla sijasema neno jingine juu ya kuitoa lainingi ya zamani, naomba jambo hili lizingatiwe kwa uzito wake: lainingi nyingi za enzi hizo zina asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Huku Marekani, mamlaka ya mazingira ilitoa kanuni ya kuipiga marufuku asbestosi ya aina ya krisotili Machi 2024 tu, kwa hiyo hata vipuri vya zamani ambavyo havijawahi kutumika visiaminiwe. Mimi huilowesha shuu nzima kwa maji yenye sabuni kidogo, huvaa barakoa ya vichujio vya daraja la juu kabisa, sipulizi kwa hewa ya kompresa hata kidogo, na huondoa ribiti kwa kutoboa polepole kutoka upande wa mkia, huku maji yakidondoka. Matope yanayobaki huyafunga katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kuyapeleka kunakopokelewa taka za hatari.

Ribiti za lainingi ni za shaba, laini, na mkia wake una uvungu. Huingizwa kutoka upande wa lainingi, na kichwa chake huzama katika kishimo kipana ambacho nimezoea kukiita kikombe, ili dramu iguse lainingi peke yake na isikutane na chuma. Shina hupenya lainingi na shuu, na mkia hujitokeza upande wa ndani wa shuu, ambako panchi maalumu huukunja kuelekea nje pande zote hadi uwe pete nono iliyojikunyata juu ya chuma. Panchi hiyo haina ncha kali. Ina pua fupi ya mviringo inayoingia katika uvungu wa mkia, na kuizunguka pua hiyo kuna mfereji uliopinda unaoupokea ukingo wa shaba na kuugeuza taratibu urudi chini. Mtu akitumia panchi ya kawaida ya kutilia alama, mkia hautakunjika, bali utapasuka kama petali za ua, na kila mpasuko ni mahali ambapo ukazaji umepotea. Ufa mdogo mmoja ukingoni ninaweza kuuvumilia. Ufa unaofika kwenye shuu siuvumilii, na ribiti hiyo huitoa.

Urefu wa ribiti ni jambo la hesabu. Kwa ribiti yenye uvungu, sehemu inayojitokeza kabla ya kukunjwa inapaswa kuwa kati ya nusu na asilimia 70 ya kipenyo cha shina. Ribiti ninazotumia kwenye shuu hizi zina kipenyo cha inchi 9/64, sawa na milimita 3.6 hivi, kwa hiyo mkia hujitokeza kwa milimita 1.8 hadi 2.5. Ukizidi hapo, mkia hujikunja upande mmoja na kulala; ukipungua, pete inayopatikana ni nyembamba mno na haiwezi kushika. Kuna jambo jingine nililojifunza kwa fedha yangu: niliwahi kuagiza ribiti zilizouzwa kama za shaba tupu, zikafika zikiwa za chuma zilizopakwa shaba kwa juu. Rangi yake ilikuwa sahihi kabisa. Tangu siku hiyo, pakiti yoyote ya ribiti inayoingia bandani huipitishia sumaku kwanza. Ribiti ya chuma katika lainingi ni hatari mara mbili, kwa sababu inahitaji nguvu kubwa zaidi kukunjwa, ambayo huiponda lainingi, na pia kwa sababu lainingi ikilika hadi usawa wa vichwa, chuma hicho huchimba mifereji ndani ya dramu ambayo haipatikani kwa urahisi.

Shuu zangu za kwanza nilizifunga vibaya, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha. Nilibana fito nene ya duara kwenye jiliwa, nikaiweka shuu juu yake, lainingi ikiwa chini, nikapiga mkia kwa panchi nzuri niliyoinunua. Pete zilipatikana safi, zote zinafanana, na nilizitazama kwa furaha. Baada ya kilomita mia tatu hivi breki ya nyuma ilianza kulia, kisha ikawa inashika na kuachia. Nilipofungua dramu niliweza kuisogeza lainingi kwa kidole gumba. Kilichotokea ni kwamba fito yangu ilikuwa nene kuliko kikombe, kwa hiyo haikugusa kichwa cha ribiti kamwe. Iliegemea uso wa lainingi. Kila pigo la nyundo lilikisukuma kichwa kielekee nje ya kikombe chake, na mkia ulipokunjika, ulifunga nafasi tupu. Kuzunguka vikombe viwili lainingi ilikuwa imeanza kupasuka. Ilinibidi nizitupe zote na kuanza upya, na nilishukuru kwamba nilikuwa nimegundua hilo barabarani polepole karibu na nyumbani.

Fuawe inayotakiwa, basi, ni kijiti cha chuma kigumu chenye uso bapa, chembamba kiasi cha kuingia katika kikombe bila kugusa kuta zake, na kirefu kiasi kwamba shuu nzima inaning'inia juu yake bila kuegemea kitu kingine. Niliikereza ya kwanza kutokana na fito ya chuma cha vifaa, nikaipunguza kipenyo hadi ikawa nyembamba kuliko kikombe kwa milimita 0.3. Kisha niliipasha moto hadi sumaku ilipoacha kuikamata, nikaizamisha katika mafuta, nikaisugua kwa msasa ili iwe nyeupe, nikaipasha tena taratibu hadi rangi ya majani makavu ilipotandaa juu ya uso wake, nikaiacha ipoe. Rangi hiyo ya majani makavu ndiyo inayoonyesha kwamba ugumu umepunguzwa kiasi cha kutosha ili chuma kisivunjike kama kioo. Kitako chake nakibana katika jiliwa, au nakiingiza katika tundu la ile mashine ya pedali. Siku hizi hutumia pedali zaidi kuliko nyundo, kwa sababu msukumo wa polepole huipa shaba muda wa kutiririka, ilhali pigo la ghafla huishtua na kuipasua. Kwa mtu asiye na mashine, kuna kifaa kidogo chenye umbo la herufi C na skurubu nene, ambacho hubanwa kwa spana. Ni cha taratibu, lakini kinafanya kazi ile ile kwa usahihi, na kwa shuu nne tu sioni sababu ya kununua kingine.

Lainingi mpya huikata, huikunja juu ya shuu, na kuibana kwa klampu mbili kabla ya kutoboa. Kikombe hukichimba kipite kidogo nusu ya unene wa lainingi, kwa biti yenye uso bapa wala si ya pembe, kwa kuwa kichwa cha ribiti zangu ni bapa chini yake. Ufungaji huanzia katikati ya shuu na kwenda nje, ribiti moja kulia na moja kushoto, kwa sababu mtu akianza na ncha zote mbili, lainingi hubaki imetuna katikati kama mgongo wa paka, na hakuna ribiti itakayoweza kuirudisha chini. Nikimaliza, hujaribu kupenyeza kibamba cha kupimia cha milimita 0.1 kati ya lainingi na shuu kwenye kingo zote. Kikipenya popote, hutoa ribiti za sehemu hiyo. Mwisho hulainisha ncha za lainingi kwa tupa ili zisiivamie dramu kwa ukali.

Najua kwamba wako wanaogundisha lainingi kwa gundi maalumu inayoiva katika tanuri, na kwa usalama sina neno dhidi ya njia hiyo. Ninachosema ni kwamba pikipiki ya mwaka 1950 ilitoka kiwandani Milwaukee ikiwa na ribiti, na anayekuja baada yangu akifungua dramu hiyo atazikuta, atazisoma, na ataweza kuzitoa kwa drili ndogo bila kuhitaji tanuri.

Klachi ina ugumu wa aina nyingine. Katika pikipiki hii klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na gia hubadilishwa kwa mkono kando ya tangi. Gia ya mguu ilianza kutolewa mwaka 1952. Pedali ya klachi huyumba mbele na nyuma, kisigino kikiachia klachi na vidole vikiikamata, nayo hubaki pale ulipoiacha. Uzuri wake ni kwamba unaposimama kwenye taa unaweza kuushusha mguu chini huku klachi ikiwa imeachiwa na gia imo ndani. Ubaya wake ni kwamba kama pleti hazikuachana kabisa, pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 250 huanza kutambaa kuelekea gari lililo mbele yako.

Klachi hii hufanya kazi ikiwa kavu, na springi zake 10 huzikandamiza pleti za msuguano na pleti za chuma tupu kwa pamoja. Pleti za msuguano nilizozikuta zilikuwa za chuma chembamba chenye lainingi pande zote mbili, na hapo ndipo tofauti na shuu inapoanza. Kwenye shuu, mkia wa ribiti hukunjwa juu ya chuma, mahali ambapo hausumbui mtu. Kwenye pleti ya klachi hakuna upande wa kuuficha, kwa kuwa kila upande ni uso wa kazi. Kichwa huzama katika kikombe cha lainingi ya upande huu, na mkia nao lazima ukunjwe ndani ya kikombe cha lainingi ya upande ule, juu ya bati la pleti, bila kujitokeza hata kidogo. Kwa hiyo panchi nayo lazima iwe nyembamba kama fuawe, na vyote viwili vikutane katika mstari mmoja mnyoofu. Ribiti hupishana: moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, ili mkazo ugawanyike sawa kwa nyuso zote mbili.

Nilitumia nyundo kwenye pleti moja tu, kwa majaribio, nikaachana nayo. Bati la pleti ni jembamba, na kila pigo lisilolingana na lililotangulia huliacha na wimbi. Nilipoilaza pleti hiyo juu ya kipande cha kioo kinene na kubonyeza ukingo kwa kidole, upande wa pili ulinyanyuka. Pleti yenye wimbi haiachani na jirani yake hata springi zikilegezwa, na huo ndio utambaaji niliousema. Pleti zilizofuata nilizifunga zote kwa mashine ya pedali, kwa kuvuka kipenyo kama mtu anavyokaza nati za gurudumu, nikizirudisha kwenye kioo baada ya kila ribiti nne. Ni kazi ya subira, na sijaona njia ya kuifupisha.

Kabla ya kufika kwenye madigadi, kuna ribiti za nyuma ambazo watu huzisahau: zile zinazofunga sproketi, yaani gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, kwenye dramu ya breki. Hizo ni za chuma, ngumu, bila uvungu, na pamoja nazo kuna pini ambazo kazi yake ni kuzuia sproketi isisogee kwa mzunguko, huku ribiti zikiibana dhidi ya dramu. Kuzitoa kwa tindo na nyundo ni kishawishi kikubwa, na nimeona dramu zilizopoteza umbo la duara kwa sababu hiyo. Mimi hutoboa kichwa kwa biti iliyo nyembamba kidogo kuliko shina, nikakiondoa, kisha nikalisukuma shina kwa panchi huku dramu ikiwa imeegemea kipande cha bomba kizito chini ya tundu lile lile. Matundu ya zamani yakiwa yameshapanuka kuwa yai, hakuna ribiti itakayoyajaza vizuri. Hutobolewa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, kwa kuitumia sproketi mpya kama kigezo. Ribiti mbili za kwanza hufungwa zikielekeana, na kuanzia hapo kila ribiti hufuatwa na mwenzake wa upande wa pili. Hapa nyundo ya kilo moja ndiyo inayostahili, na fuawe chini yake iwe nzito kiasi kwamba haitikisiki.

Madigadi za Hydra-Glide ni pana na zimefunika gurudumu kwa kina, na zile za nyuma zina kipande cha mkiani kilichounganishwa kwa bawaba, ambacho hunyanyuliwa ili gurudumu litoke. Bawaba hiyo na mikono ya kushikilia madigadi imefungwa kwa ribiti za chuma zenye vichwa vya mviringo upande wa nje, na vichwa hivyo huonekana na kila mtu. Hapa, kwa hiyo, kosa la fuawe haliwezi kujificha. Kichwa cha mviringo kikiegemezwa juu ya chuma bapa, kwa pigo moja tu kinapata kipara, na hakuna rangi itakayokifunika. Chuma cha kuegemeza lazima kiwe na kishimo chenye mviringo unaolingana na wa kichwa, ila kina chake kiwe pungufu kidogo, ili kichwa kibebwe na kilele chake na ukingo wa kishimo usiguse bati na kuliachia alama ya duara. Ndipo nilipokielewa kile kipande cha reli cha Gerezani: vishimo vitatu, kwa ribiti za saizi tatu.

Tatizo la madigadi ni kufika. Mkia wa ribiti umo ndani ya bonde la bati, na nyundo haina nafasi ya kuinuka. Nilichonga chuma cha kuegemeza chenye uzito wa kilo mbili na nusu, nikakichimbia kishimo, nikakilaza katika mchanga uliofungwa ndani ya mfuko wa ngozi. Madigadi hukaa juu yake kifudifudi, kichwa cha ribiti kikiwa kimetulia katika kishimo, na mimi hupiga kutoka ndani kwa panchi ndefu. Kazi hii inataka watu wawili. Mke wangu ndiye huishika madigadi, na masikio yake yamekuwa mepesi kuliko yangu: kichwa kikikaa sawasawa katika kishimo, pigo hutoa sauti fupi iliyoshiba, kikiteleza hata kidogo, sauti hupata mwangwi wa bati, naye husema "bado" kabla sijapiga tena.

Pigo la kwanza si la kupanua mkia. Kuna panchi nyingine yenye tundu refu katikati, ambayo huvalishwa juu ya mkia na kugongwa ili ikandamize mabati mawili yakutane kabisa kabla ya ribiti kuanza kunenepa. Hatua hii ikirukwa, shina hunenepa katika nafasi iliyo kati ya mabati na kuyatenganisha daima. Na katika nafasi hiyo maji huingia, kutu huota, na baada ya miaka michache rangi huvimba kuzunguka kila kichwa. Madigadi za zamani nilizozinunua zilikuwa hivyo karibu kote. Mimi hupaka rangi ya msingi ya epoksi nyuso zote mbili zinazokutana, huzikaza kwa bolti ndogo katika tundu moja na kuacha linalofuata, hupiga ribiti katika matundu yaliyo wazi, kisha hutoa bolti na kumalizia yaliyobaki. Kwa ribiti isiyo na uvungu, mkia unaojitokeza huwa mara moja na nusu ya kipenyo cha shina, kwa hiyo ribiti ya inchi 3/16, yaani milimita 4.8, hujitokeza kwa milimita 7 hivi, na baada ya kufungwa kichwa cha pili huwa na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu yake. Ninavipima kwa kipande cha bati nilichokitoboa tundu la saizi hiyo.

Ribiti za kuvuta kwa koleo, zile zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, sizitumii kwenye madigadi hata zikiwa na kichwa kinachofanana. Shina lake ni tupu, halilijazi tundu, na mtikisiko wa injini kubwa ya silinda mbili, katika fremu isiyo na springi za nyuma, huzilegeza. Nilizikuta saba katika bawaba niliyoirithi, na tano kati yake zilikuwa zinazunguka kwa kidole.

Mwezi uliopita niliendesha kilomita mia nne na hamsini kando ya mto, kisha nikafungua kila kitu tena. Nilipima kina cha vichwa ndani ya vikombe vya lainingi za breki, nikakuta hakuna kilichosogea. Pleti za klachi bado zinalala kwenye kioo bila kunyanyuka. Nilizipitia madigadi kwa nyundo ndogo ya gramu mia moja, nikigonga kila kichwa na kusikiliza, na mke wangu akiwa amesimama mlangoni alisema "bado" mara mbili, kwa ribiti mbili za bawaba, upande wa kushoto. Nimeshazitoboa. Jumamosi tutazipiga upya.